Parachuti Si Shela

Naomba niseme mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wengine, maana najua kuna wenzetu wa Houston wanaisimulia na kuitia chumvi nyingi: ni kweli, yule mtu aliyeburuzwa na parachuti kwenye malisho ya ng'ombe, kalala chali, kashika kamera juu kwa mikono miwili, alikuwa mimi. Suruali ilichanika, hilo nalo ni kweli. Ila hilo la kwamba nililia silikubali, niliingiwa na matope machoni, na anayebisha aje nimwonyeshe hayo matope (bado yapo kwenye begi la kamera, yamegoma kutoka).

Sasa, kwa wale msionijua, mimi naitwa Eliya, naishi Dallas, siku za kazi natengeneza kompyuta za watu ofisini na Jumamosi napiga picha za harusi, send-off, ubatizo, kipaimara, mahafali, chochote chenye keki. Na kama umewahi kuoa au kuolewa kwenye harusi ya Kitanzania unajua kwamba mwenye harusi si bwana harusi wala bibi harusi, mwenye harusi ni mpiga picha. Bwana harusi kamvisha mwenzake pete vizuri, machozi yanamlengalenga, ukumbi mzima umeshikwa na hisia, halafu mpiga picha anatoa kichwa nyuma ya kamera anasema, "Samahani, tunaomba urudie kidogo," na pete inavuliwa, mchungaji anarudi hatua moja nyuma, mapenzi yanaanza upya. Mimi nimerudisha keki ikatwe tena ikiwa imebaki nusu. Nimemrudisha baba wa bibi harusi alie upya upande wenye mwanga, na alilia, tena vizuri kuliko mara ya kwanza. Miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kunikatalia, na nadhani hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kuvimba.

Basi kuna Mama Doreen. Huyu ndiye aliyenipokea Marekani, maana nilifikia mtaa wa Vickery Meadow, hapahapa Dallas, kwenye chumba tulichojazana kama mizigo, akaniona kanisani nimevaa koti la kuazima midomo imepauka kwa baridi, akanichukua kwake, nikalala kwenye kochi lake na kula chakula chake mpaka nilipopata kazi, na hajawahi kunikumbusha hata siku moja. Ni muuguzi, mfupi, amejaa vizuri, ana sauti ya kwanza kwenye kwaya, na ni mwoga wa kila kitu kilichoinuka kutoka ardhini. Ngazi za umeme za madukani hapandi. Akienda kwa mtu anayekaa ghorofa ya tatu anampigia simu ashuke waongelee kwenye maegesho. Kwa hiyo alipotangaza kwamba siku akitimiza miaka sitini ataruka na parachuti kutoka kwenye ndege, sisi wote tulidhani kuna dawa mpya ameanzishiwa.

Kumbe sababu ilikuwa kaka yake. Kaka Deo yuko Moshi, na Kaka Deo ana hadithi moja tu duniani, ya siku dada yake alipokuwa binti mdogo akatumwa kupanda darini kuleta mahindi, akafika juu, akaangalia chini, akagoma kushuka, akashinda kule akilia mpaka watu wazima wakaja kumteremsha kwa kamba kama gunia huku kijiji kizima kimekaa chini kinaangalia. Hadithi hiyo aliisimulia kwenye harusi ya Mama Doreen. Akaisimulia kwenye ubatizo wa Doreen. Baba Doreen alipofariki akaisimulia msibani (alisema ni kuwachangamsha waombolezaji). Sasa Mama Doreen akasema imetosha, hawezi kuingia kwenye uzee akiwa bado yuko darini, akaandika kwenye kundi la familia kwamba ataruka, na Kaka Deo akajibu mstari mmoja tu: "Nitaamini nikiona kwa macho yangu."

Hapo mmeshaelewa kwamba kuruka peke yake hakukutosha, ilibidi aonekane. Tukiwa mezani kwake tunakula ndizi nyama akaniambia kwamba pale kwenye kituo cha kurukia wanauza na video, mwalimu anakuwa na kamera ndogo mkononi anakupiga tangu mlangoni mwa ndege, akaniuliza kama aichukue. Jamani, ningesema ndiyo. Neno moja, herufi tano, leo ningekuwa mtu mwenye heshima zake. Badala yake nikaweka kijiko chini nikamwambia, "Mama, video ya nini wakati mimi nipo?"

Akanitazama kwa ile imani ya mama, akasema, "Basi nakutegemea wewe, mwanangu."

Tangu nishike kamera nilikuwa sijapiga picha ya kitu chenye kasi kuliko bwana harusi anayewahi chakula. Nikaenda kwa rafiki yangu Mkenya anayepiga picha za mechi za mpira za watoto nikaazima lenzi yake kubwa, ukubwa wa chupa ya chai ya familia. Akaifuta, akaivalisha kitambaa, akanikabidhi akiwa bado kaishika. "Boss," akasema, "hii lens ni mtoto wangu. Ikianguka usini-call, potea tu." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mimi ni profesheno.

Halafu nikapanga mpango. Mtu akiwa juu huko anaonekana kama nukta, sasa nukta ipi ni ya kwako? Hilo nililiwaza, msinione sina akili. Nikasema tutashona sare, kitenge cha rangi ya chungwa, akina mama wote wa kwaya watakaomsindikiza wavae, na Mama Doreen mwenyewe apige kilemba cha chungwa kikubwa, ili mimi chini nikiona chungwa linashuka najua ni yeye. Walinipigia makofi kwa wazo hilo. Kwa hiyo ikawa safari ya kwenda kurushwa kutoka kwenye ndege, lakini yenye sare, keki, chapati, maandazi, na shada la kung'aa la shingoni kama la mahafali, la kumvisha akishatua.

Ilikuwa kabla ya korona, masika ya huku, wakati ule maua ya buluu yamejaa kando ya barabara na upepo wa Texas unavuma mpaka milango ya gari inakushinda kufungua. Tukaendesha hadi nje kabisa ya mji, kiwanja kidogo cha ndege katikati ya malisho, banda moja kubwa la bati, ng'ombe kibao upande wa pili wa uzio ulioanguka nusu. Anti Stela, rafiki wa damu wa Mama Doreen, ndiye aliyepewa kazi ya kumpigia Kaka Deo kwa video ili aone moja kwa moja, na kule Moshi ilikuwa jioni, mzee kakaa sebuleni kajiandaa. Tatizo la Anti Stela ni kwamba simu kwake ni kitu cha kuinua juu na kuongea nacho, basi. Nikaona kwenye kioo linaonekana paji lake la uso tu na mawingu kwa nyuma. Nikamwambia, "Anti, umeweka kamera inayokuangalia wewe." Akasema mwache amwone, si alikuwa anaulizia hali yake. Nikaachana naye, nilikuwa na kazi kubwa zaidi, nilikuwa najaribisha mwanga kwa kuwapiga picha ng'ombe.

Na wakati mimi napiga ng'ombe, ndani ya banda wale vijana wa kituo walikuwa wanamvua Mama Doreen kilemba. Wakasema kitambaa hakiruhusiwi, kinaweza kufunguka hewani. Wakamvisha ovaroli ya buluu juu ya kitenge, kofia ya buluu, miwani mikubwa, mikanda kila mahali. Akatolewa kwa mlango wa nyuma akapandishwa kwenye ndege pamoja na warukaji wengine, na mimi habari hiyo sikuwa nayo. Mimi nilikuwa nasubiri chungwa.

Ndege ikapanda ikazunguka mpaka ikawa ndogo kama inzi. Nataka niwaambie kitu kuhusu hii kazi ya kupiga picha za michezo ya hatari, ambacho hakuna aliyeniambia: mbingu ni kubwa. Ukumbini bibi harusi anatokea mlangoni, mlango ni mmoja, unajua atapita wapi. Mbinguni hakuna mlango. Ile lenzi nzito inakuvuta shingo, jua linakuingia jichoni, upepo unakutikisa, na kila ukipata kitu cha kulenga kinatoka kwenye picha kabla hujabonyeza. Nikaona kidoa cheusi kinaelea, nikakikamata, nikakifuata kwa ustadi mkubwa, nikapiga picha mfululizo, akina mama wanauliza umempata, nasema nimempata, anazunguka vizuri sana, ametulia, hana hata wasiwasi. Alikuwa tai. Nina picha za yule tai ambazo hata leo nikizitazama najisifu.

Halafu chungwa likatokea. Mtu na ovaroli ya chungwa, juu yake parachuti la chungwa, anashuka peke yake. Sasa mtu mwenye akili angejiuliza, Mama Doreen si alisema anafungwa kifuani kwa mwalimu, mwalimu yuko wapi? Nilijiuliza kweli. Nikajijibu kwamba bila shaka wameona uwezo wake wakamwachia. Nikapiga kelele, "Yule pale, chungwa, chungwa," nikaanza kukimbia kinyumenyume huku napiga picha, akina mama wa kwaya wakanifuata na sare zao wakikimbia na masufuria, Anti Stela kainua simu juu anamwambia Kaka Deo, "Unaona? Unaona hiyo?"

Yule mtu akatua kwa miguu yake miwili, kistaarabu, kama anashuka kwenye gari. Kabla hajajifungua hata mkanda mmoja akina mama wakawa wameshamfikia. Vigelegele vilivyopigwa pale viliwafanya ng'ombe wahame. Wakamvisha shada, wakamfunga kitenge kiunoni, mmoja akamtia kipande cha keki mdomoni, Anti Stela akamkumbatia na mkono mmoja (ule mwingine una simu), na mimi nazunguka napiga picha nikisema, "Inua mikono, Mama, cheka, angalia huku." Ndipo akavua kofia na miwani. Mzee wa Kizungu, mrefu, mwembamba, masharubu meupe, keki mdomoni.

Nyimbo zilikufa moja baada ya nyingine, aliye karibu alinyamaza kwanza, wa mwisho alikuwa mama mmoja wa sauti ya nne ambaye haoni mbali. Mzee wa watu akatafuna keki akameza, macho yamemlowa, akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba amekuwa akiruka pale tangu ana nywele nyeusi, na hakuna mtu aliyewahi hata kumsubiri chini. Akauliza kama anaweza kubaki na shada. Ungemnyang'anya wewe?

Na ni katika ule ukimya ndipo tuliposikia sauti nyuma yetu.

"Mmemaliza?"

Tukageuka. Mama Doreen alikuwa amesimama kwenye majani, ovaroli ya buluu, matako yote ya kijani kwa kuserereka kwenye nyasi, mikanda ikimning'inia, mwalimu wake kando yake anakunja parachuti. Alikuwa ameshatua. Alikuwa ametoka mbinguni, yeye ambaye ngazi ya ghorofa ya tatu hapandi, akagusa ardhi akiwa mzima, akafungua macho kutafuta watu wake, akakuta migongo. Migongo ya rangi ya chungwa, imejipanga, inamshangilia mtu mwingine.

Hakugomba. Ningeshukuru angegomba. Alisema tu kwa sauti ndogo, "Eliya, umenipata hata moja?" na mimi nikaangalia kamera kana kwamba jibu litabadilika. Nilikuwa na tai, nilikuwa na mzee, na ng'ombe wa kutosha. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, yaani nilitamani niwe mmoja wa wale ng'ombe. Na aliyenilaza kwenye kochi lake ndiye huyo kasimama mbele yangu anasubiri picha, na kaka yake yuko Moshi anasubiri kucheka.

Mtu mwenye busara angeomba msamaha akanyamaza. Mimi mdomo ukafunguka wenyewe, kwa mazoea ya miaka: "Samahani, Mama. Tunaomba urudie kidogo."

Mwalimu hakujua Kiswahili lakini nadhani alielewa, maana aliondoka. Nikaeleza haraka kwamba sina maana ya kupanda ndege tena, nina maana ya kutua tu, tuigize kutua. Mle bandani nilikuwa nimeona parachuti kuukuu wamelitundika ukutani watu wapigie picha za ukumbusho. Nikaenda kumwomba kijana wa mapokezi, akasema sawa, tulitumie, ila humuhumu ndani, lisitoke nje. Nikamwambia bila shaka. Halafu nikatazama ule mwanga wa ndani, taa za kijani, ukuta wa bati, pipa la takataka, nikajisemea hivi kweli Mama Doreen ametoka mbinguni aje apigwe picha na pipa? Kijana alipoitwa na simu tukalibeba parachuti tukatoka nalo kwa mlango wa nyuma, akina mama wamelishika pembeni kama wanabeba turubai la msiba.

Sasa sikilizeni akili ya mpiga picha wa harusi. Kuna picha moja bibi harusi wote wanaitaka, ile ya shela. Wapambe wawili wanashika shela kwa nyuma, unahesabu, wanairusha juu, inapepea, unabonyeza, wanaikimbia wasionekane. Nimeipiga mara nyingi mno, naweza kuipiga usingizini. Nikaliangalia lile parachuti nikaona ni shela tu, shela kubwa kidogo. Nikampanga Mama Doreen mbele, bado kavaa mikanda yake (alikuwa amegoma kuivua, alisema havui kitu mpaka apigwe picha), nikampa kamba zote za parachuti azishike mikononi, nikawapanga akina mama nyuma washike kitambaa. Na mimi, ili aonekane yuko angani, nikalala chali kwenye majani karibu na miguu yake nimpige kutokea chini. Nililala juu ya kamba, lakini hiyo niliiona ni jambo dogo.

"Nikisema tatu, rusheni," nikasema. "Kwa furaha, jamani. Kama harusi."

Wakarusha. Na upepo wa Texas, ambao ulikuwa umetulia kidogo ukituangalia, ukaja wote.

Parachuti lilifunguka kwa mlio kama wa mlango uliobamizwa. Mama Doreen ni muuguzi, si mjinga, aliachia kamba zote mara moja. Kamba hizo zilikuwa zimeshanizunguka miguu yote miwili. Nakumbuka nilimwona Mama Doreen juu yangu, amekaa vizuri sana kwenye picha, mwanga mzuri, nikawaza "hii ndiyo yenyewe," halafu akaanza kuwa mdogo. Nilidhani anaondoka. Ni mimi niliyekuwa naondoka.

Niliburuzwa kwa mgongo, miguu mbele, nikiwa nimeinua kamera juu kwa mikono yote kwa sababu ya maneno ya yule Mkenya, maana mgongo wangu ungepona lakini ile lenzi ilikuwa mtoto wa mtu. Tukapita kwenye nyasi, tukapita kwenye pengo la ule uzio ulioanguka, nusu ya suruali ikabaki kwenye msumari, tukaingia kwa ng'ombe. Nilipita katikati yao. Walinipisha kwa adabu. Nyuma namsikia Mama Doreen anakimbia na mikanda yake inagongana, anaita, "Eliya, achia! Achia, mwanangu!" na mimi nitaachia nini wakati ni miguu yangu ndiyo imeshikwa. Halafu kukawa na bwawa, lile la kunyweshea ng'ombe, la maji kidogo na matope mengi. Humo ndimo safari ilipoishia, na aliyeisimamisha ni yule mzee wa masharubu, alikimbia na shada lake shingoni likimetameta, akaruka juu ya parachuti kwa tumbo akaligandamiza mpaka likakata roho.

Nikatulia mle nimelowa, nguo ya ndani ya mistari inaonekana na Texas nzima, kamera bado iko juu. Lenzi haikupata hata tone. Mama Doreen akafika anahema, akasimama ukingoni, akaniangalia kuanzia juu mpaka chini, na kicheko kikaanza kumtoka kidogo kidogo mpaka akakaa chini kwenye majani akicheka huku anajishika mbavu, na akina mama wakaja wakacheka, na mzee akacheka, na yule kijana wa mapokezi alikuja mbio akiwa na hasira akafika akashindwa kuendelea nazo. Nikafungwa kitenge cha sare kiunoni. Hivyo ndivyo nilivyorudi Dallas, nimevaa kitenge cha chungwa, nimekalia mfuko wa plastiki ili nisichafue kiti.

Lakini ndani ya gari kicheko kiliisha. Mama Doreen alikuwa anatazama nje dirishani, na nilijua anawaza nini, alikuwa anawaza kundi la familia na mstari mmoja wa Kaka Deo, na kwamba hakuna hata mtu mmoja duniani aliyemwona akitua, mbali na mwalimu aliyekuwa amefungwa mgongoni kwake. Nikaanza kusema, "Mama, nisamehe," akaniambia acha, yamepita, kwa sauti ile ambayo unajua hayajapita.

Simu ya Anti Stela ilikuwa imeisha chaji tangu kule malishoni, tukaichomeka kwenye gari, ikawaka, na haikumaliza hata kuwaka vizuri ikaita. Kaka Deo, kwa video. Anti Stela akampa Mama Doreen simu. Mama Doreen akaipokea kama mtu anayepokea majibu ya hospitali.

"Agnes," Kaka Deo akasema. Sauti ilikuwa imemkauka. "Agnes, nimekuona."

Mama Doreen akasema asimtanie, hakuna aliyemwona.

"Mimi nimekuona," akasema. "Huyo Stela alikuwa amejielekezea simu yeye mwenyewe, naona paji lake la uso, na nyuma ya paji la uso naona mbingu, na wewe unashuka. Nikapiga kelele geukeni, geukeni nyuma, mpaka majirani wamekuja wakadhani nimevamiwa, na nyie huko ni vigelegele tu, hakuna anayenisikia. Umeshuka, umekalia nyasi, umeinuka, umejifuta, ukaanza kuwatafuta watu wako. Mimi nilikuwa nakupungia mkono, Agnes. Hapa sebuleni, peke yangu, nakupungia."

Kaka Deo akajipangusa macho na kola ya shati, akasema ile hadithi ya darini haisimulii tena, imekufa, ameizika.

Machozi yalikuwa yanamtiririka Mama Doreen na wala hakuyafuta. Akasema, "Simulia tu, kaka. Ila ukifika pale nilipoogopa kushuka, malizia na leo."

Kaka Deo alikuwa amepiga picha ya kioo cha simu yake akaituma kwenye kundi. Robo tatu ni paji la uso la Anti Stela, linang'aa kwa jasho, nyusi moja imeinuka, na pembeni kabisa, karibu na sikio, kuna kitu cha buluu kidogo chini ya parachuti, kimefifia, miguu imenyooshwa mbele. Ndiyo picha pekee. Mama Doreen ameikuza, ameitia fremu, imetundikwa sebuleni juu ya kochi nililolala mimi, na chini yake, ndogo ndogo, zimepangwa picha nilizompiga kwenye harusi za watu kwa miaka yote. Wageni wakiuliza nani mpiga picha wa hiyo kubwa anasema ni Stela, na Anti Stela akiwepo anasema alilenga.

Doreen, ambaye anasoma Houston, alihakikisha kila Mtanzania wa huko amepata habari. Miezi michache baadaye nikaitwa harusi Alief, kulekule Houston, nimenyoosha suti, najifanya mtu mpya, na mshereheshaji akanikaribisha kama ndugu yetu aliyetoka kwa ng'ombe. Nilivumilia. Ikafika pete. Nilikuwa nabadilisha betri, naapa ni sekunde tu, nikainua kichwa pete imeshaingia. Mdomo ukafunguka wenyewe. Na ukumbi mzima, mchungaji, wazazi, wapishi mlangoni, ukageuka kunitazama, unasubiri niseme lile neno.

Nikaufunga mdomo. Nikasema, "Endeleeni." Wale maharusi pete yao kwenye albamu ni kiwiko cha mchungaji, na hawajalalamika. Tangu siku ile simrudishi mtu keki, pete wala machozi, kilichonipita kimenipita. Na kabla sijabonyeza kitufe, hata kama bibi harusi yuko mbele yangu kasimama kwenye mwanga wote wa dunia, kwanza nageuka naangalia nyuma.